Winchi ya umeme kwenye lori: kuichagua, kuunganisha nyaya na kuvuta bila kuumiza mtu

Mvua zikianza Dodoma, mafundi wa magari hupokea malalamiko yaleyale. Winchi ni mpya na imekaa vizuri mbele ya lori, lakini ukibonyeza rimoti inalia ta-ta-ta na ngoma ya kuzungushia kamba haizunguki. Nyingine inavuta nusu dakika kisha nyaya zinanuka kuungua. Nyingine imekata kamba siku ya kwanza.

Mara nyingi winchi yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye mita chache za waya kati ya betri na mota, au kwenye hesabu ya uzito ambayo hakuna aliyeifanya kabla ya kununua. Mwongozo huu unafuata kazi yote tangu dukani hadi gari linapotoka kwenye tope.

Nimeuandika kwa mwenye lori dogo au la kati, lile linalobeba mpunga kutoka Bahi, mahindi kwenda soko la Kibaigwa, au mchanga na kokoto za ujenzi mjini. Kama lori lako likiwa na mzigo linazidi tani 10, winchi ya umeme si chombo chako. Betri hazitaistahimili kazi hiyo. Tafuta winchi ya haidroliki, au weka akiba ya kumlipa mwenye trekta.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujamwita fundi. Kikikosekana kimoja, fundi ataweka mbadala, na mbadala huo ndio utakaokuangusha porini.

- Winchi yenye volti sawa na za gari lako, pamoja na boksi lake la umeme (lenye swichi za kuwasha mota) na rimoti
- Bamba la kufungia winchi, na bolti ngumu zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani
- Nyaya za shaba halisi za milimita za mraba 35 hadi 70, nyekundu na nyeusi
- Vichwa vya shaba vya mwisho wa waya, na mashine ya kuvibana
- Swichi kuu ya kukata umeme, inayohimili ampea 300 au zaidi kwa gari la volti 24, na 500 kwa la volti 12
- Mpira wa kufunika nyaya, na vibanio vya kuzishika kwenye chesisi
- Mita ya kupima volti
- Mkanda mpana wa kuzungushia mti, usiopungua sentimita 7 kwa upana
- Puli ya chuma inayofunguka ubavuni
- Pingu za chuma zenye pini ya kukaza, zilizochongwa au kupigwa chapa ya tani zinazohimili
- Glavu nene za ngozi, blanketi zito au turubai, beleshi, jembe, na vigingi vya kuzuia matairi

Usinunue pingu isiyo na chapa ya uzito hata kama inaonekana nene. Huna njia ya kujua ilitengenezwa kwa chuma gani.

## Hatua ya 1: Fanya hesabu ya uzito

Chukua uzito wa lori pamoja na mzigo wake wote, uzidishe kwa moja na nusu. Hiyo ndiyo nguvu ya chini unayoihitaji. Lori lenye tani 4 likiwa tupu na linalobeba tani 4 za magunia lina tani 8, kwa hiyo linahitaji mvuto wa tani 12.

Winchi nyingi madukani zimeandikwa kwa ratili. Ratili 12,000 ni kama tani 5.4, ratili 17,000 ni tani 7.7, na ratili 20,000 ni tani 9 na kidogo. Utaona kwamba hata ile kubwa haifiki tani 12. Usiogope, puli itaziba pengo hilo, kama utakavyoona hatua ya 5. Kwa lori la mfano wetu, winchi ya ratili 17,000 ya volti 24 inatosha. Ile ya 12,000 iache kwa pikapu na magari ya kutalii.

Namba hiyo ya ratili ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile lililogusa ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu yake linapunguza nguvu. Kamba ikiwa imejaa tabaka nne, winchi nyingi hubaki na karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake. Anayetoa mita tano za kamba na kuanza kuvuta anatumia winchi dhaifu kuliko aliyoilipia. Kwenye makaratasi ya winchi kuna jedwali la nguvu kwa kila tabaka. Lisome kabla hujalipa, na muuzaji asipokuwa nalo, nenda duka jingine.

Hesabu ya pili ni ya tope. Tope likifika usawa wa matairi, nguvu ya kulitoa gari ni kama uzito wake wote. Likifika kwenye madigadi, zidisha mara mbili. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, huvimba na kunata ukilowa. Ndio unaofikisha magari kwenye hesabu hii ya pili.

## Hatua ya 2: Volti na aina ya kamba

Malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano kupata 24. Nunua winchi ya volti 24. Wapo wanaonunua ya volti 12 kwa sababu ni rahisi kupatikana, kisha wanaiunga kwenye betri moja kati ya zile mbili. Usifanye hivyo. Betri moja itakuwa inaisha huku mwenzake imejaa. Altaneta itaichaji ile iliyojaa kupita kiasi na kuiacha nyingine na njaa. Mwishowe zote mbili zitakufa, na utalaumu betri.

Volti 24 ina faida nyingine kubwa. Kwa kazi ileile inatumia karibu nusu ya ampea, na ampea ndizo zinazopasha waya moto.

Kuhusu kamba, kuna ya chuma na ya sintetiki. Ya sintetiki ni nyepesi, haichomi mikono, na ikikatika hairuki kwa nguvu kama ya chuma. Lakini mchanga ukiingia ndani ya nyuzi zake huzisaga polepole, na jua la Dodoma linaichosha. Kwa lori la kazi linalolala nje, mimi ningeweka ya chuma. Kama unaweza kuifunika kwa turubai na kuiosha kila baada ya kazi, chukua ya sintetiki, ni salama zaidi kwa utingo wako.

Kila kamba ina mlango wake mbele ya winchi. Ya chuma hupita kwenye rola nne, ya sintetiki hupita kwenye bamba laini la alumini. Ukipitisha kamba ya sintetiki kwenye rola zilizokwaruzwa na chuma, itachanika.

## Hatua ya 3: Kuifunga kwenye chesisi

Winchi inashikwa na chesisi. Bampa haihusiki kabisa. Bamba lake lifike kwenye mihimili yote miwili ya chesisi na likazwe kwa bolti ngumu, nati za kujifunga na washa nene. Bolti laini za dukani hukatika bila kuonya.

Usichomelee bamba moja kwa moja kwenye chesisi. Moto hubadilisha chuma chake na ufa huanzia pembeni ya weldi. Kama bamba lenyewe linahitaji kuchomelewa, lichomelewe mezani kabla ya kufungwa. Ikilazimu kuchomelea sehemu yoyote ya gari, ng'oa kwanza nyaya za betri.

Hakikisha hewa bado inafika kwenye rejeta. Winchi kubwa iliyowekwa mbele ya grili huweza kuchemsha injini kwenye mlima, na fundi akahangaika na tamostati isiyo na kosa.

## Hatua ya 4: Nyaya

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo twende taratibu.

### Kwa nini unene wa waya ni muhimu

Kwenye malori mengi madogo betri ziko ubavuni mwa chesisi, nyuma ya kabini. Umeme unatoka hapo, unafika mbele kwenye winchi, kisha unarudi. Kwenda na kurudi inaweza kufika mita 7.

Tuseme gari ni la volti 12 na winchi inakula ampea 400 ikiwa imeelemewa. Ukitumia waya wa milimita za mraba 16, volti 3 zinapotea njiani. Zidisha 3 kwa 400 upate wati 1,200 zinazogeuka joto ndani ya waya, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa na kufungiwa kwenye chesisi. Ndiyo maana waya unanuka. Ukitumia wa milimita 70, zinapotea volti 0.7 tu.

Sasa chukua gari la volti 24 na winchi inayokula ampea 250. Waya wa milimita 35 unapoteza chini ya volti moja kati ya 24. Huo unatosha. Wa milimita 50 ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu.

### Kutambua waya halisi

Waya mwingi unaouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kata ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache dukani. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba, na huvunjika kwa mtikisiko wa barabara za vumbi. Waya wa mashine ya kuchomelea, ukiwa wa shaba kweli, unafaa sana kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na unapinda kirahisi.

### Mpangilio wa kuunganisha

Ng'oa kwanza waya hasi wa betri. Ukisahau, spana ikigusa chanya na chesisi kwa pamoja itayeyuka mkononi mwako.

1. Chanya. Waya mwekundu utoke kwenye chanya ya mwisho ya jozi ya betri, ile inayolisha gari zima. Usiuchukue kwenye kipande kinachounga betri moja na nyingine, maana hapo kuna volti 12.

2. Swichi kuu. Iweke kwenye waya mwekundu, karibu na betri, mahali ambapo mtu anaweza kuifikia akiwa wima na haraka. Kazi yake kubwa ni siku boksi la umeme litakapogoma kuachia, na siku hiyo huja. Kama makaratasi ya winchi yanataja fyuzi, iwe hapohapo na ya ukubwa walioutaja.

3. Hasi. Waya mweusi urudi moja kwa moja kwenye hasi ya mwisho ya betri, na uwe mnene sawa na ule mwekundu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Fundi anaweka waya mzuri mwekundu, kisha anafunga mweusi mfupi kwenye bampa kwa kudai kwamba bodi yote ni hasi. Bodi ina rangi, kutu, na mipira ya kabini. Ampea 250 hazipiti hapo kwa amani.

4. Boksi na mota. Mota nyingi zina misumari ya skrubu ya kufungia nyaya, yenye alama A, F1 na F2, na wa hasi chini. Fuata mchoro wa winchi yako. Shika msumari kwa spana moja nyuma wakati unakaza nati kwa spana nyingine, kwa sababu msumari ukizunguka, ndani unavunja kiungo usichokiona.

5. Vichwa vya waya. Vibanwe kwa mashine. Usivigonge kwa nyundo, wala usitegemee risasi ya kulehemu peke yake, maana kichwa kikipata moto risasi inalainika na waya unachomoka. Funika kwa mpira unaobana ukipashwa moto, paka grisi.

6. Njia ya waya. Upite ndani ya mpira wa kufunika, mbali na ekzosi, mbali na ncha kali, na ushikwe kila sentimita 30 hivi. Waya mwekundu ukisuguana na chesisi hadi kuchubuka unawasha gari moto.

Rudisha waya hasi wa betri mwisho kabisa.

### Kujua kwamba umefaulu

Washa swichi kuu, toa kamba kidogo bila mzigo. Ukibonyeza "ingiza" na ngoma ikatoa, badilishana nyaya za F1 na F2. Kabla ya kufanya hivyo angalia kamba inatokea wapi. Kwenye winchi nyingi inapaswa kutokea chini ya ngoma. Breki ya ndani hushika mzigo upande mmoja tu, kwa hiyo kamba iliyofungwa kinyume itavuta vizuri, kisha itaachia gari mteremkoni.

Halafu pima. Injini ikiwa inanguruma, volti kwenye betri za 24 ziwe kama 27.5 hadi 28.5. Mwambie mwenzako avute mzigo wa kweli, kwa mfano lori lenyewe kwenye mwinuko mdogo, huku wewe unasoma mita kwenye betri kisha kwenye misumari ya boksi, ukiwa pembeni mbali na kamba. Tofauti ikizidi volti moja na nusu, kuna kiungo kibovu. Gusa viungo kimoja kimoja baada ya kuzima, kile chenye joto ndicho kibovu.

Ule mlio wa ta-ta-ta maana yake ni hii: volti zimeshuka hadi boksi linashindwa kushika, linaachia, volti zinapanda, linashika tena. Ukiendelea kubonyeza, ncha za ndani zinaungana kwa moto na winchi inavuta bila kusimama hata ukiachia rimoti. Ukisikia mlio huo, acha mara moja.

### Kuikaza kamba kwenye ngoma

Kamba mpya haiko tayari kuvuta. Itoe yote, ibakize mizunguko mitano ya chuma au kumi ya sintetiki. Funga ndoano kwenye mti, weka lori kwenye mwinuko mdogo, kisha lijivute lenyewe polepole huku kamba inajipanga mzunguko kwa mzunguko. Usipofanya hivyo, siku ya mzigo tabaka la juu litajichimbia kati ya matabaka laini ya chini, litabanwa na kukatika.

Mizunguko ile ya mwisho usiitoe kamwe. Msuguano wake ndio unaoshika mzigo, na kile kibanio kidogo cha kwenye ngoma hakina nguvu hiyo.

## Hatua ya 5: Kuvuta gari lililokwama

### Angalia kwanza

Kama umekwama kwenye korongo la mchanga na kuna mawingu upande wa juu, toa watu kwanza. Mito yetu kama Bubu unaoshuka kuelekea kinamasi cha Bahi, au Kinyasungwe inayopita upande wa Mpwapwa, huweza kuwa mchanga mkavu hapo uliposimama huku maji yakiwa njiani kutoka mlimani. Hakuna lori linalofaa kufa nalo.

Kama uko barabarani, weka pembetatu za tahadhari, na matawi mbali zaidi pande zote mbili.

Kisha chimba. Ondoa tope mbele ya matairi yote na chini ya difu. Tengeneza mteremko mdogo wa kutokea. Nusu saa ya beleshi inaokoa betri na kamba.

Shusha mzigo kama inawezekana. Lori letu la tani 8 likiwa limezama hadi madigadini linahitaji tani 16. Likiwa tupu linahitaji 8. Najua tajiri hapendi kusikia magunia yameshushwa njiani, lakini hakuna winchi utakayonunua itakayokupa nusu ya kazi bure namna hiyo.

### Mahali pa kufungia

Mgunga wenye afya, shina nene na mizizi mirefu, ni mzuri. Zungusha mkanda chini kabisa karibu na ardhi. Ukiufunga juu, mti unageuka wenzo wa kujing'oa wenyewe. Usizungushe kamba ya winchi moja kwa moja kwenye mti, inakata ganda na inajivunja yenyewe ikijipinda.

Mbuyu unaonekana imara kuliko miti yote ya Ugogo, lakini mti wake ni laini wenye maji, na mingi ni mitupu ndani. Mkanda mwembamba unazama kwenye ganda. Tumia mbuyu pale tu unapokosa kingine, kwa mkanda mpana na mrefu, baada ya kugonga shina na kuukagua pande zote. Na kama ni mti ambao wenyeji wanafanyia matambiko, waulize wazee kabla hujaugusa.

Mti ulio ukingoni mwa korongo usiuamini. Mizizi yake nusu iko hewani.

Kwenye mbuga isiyo na mti, zika spea tairi. Chimba shimo la zaidi ya mita moja, tairi lisimame wima likitazama gari, mkanda upite katikati ya rimu na kutoka kwenye mfereji mwembamba wa mteremko unaoelekea kwenye winchi. Jaza udongo, shindilia kwa miguu. Mfereji ni lazima, bila huo mkanda unavuta tairi kwenda juu badala ya kulikandamiza kwenye ukuta wa shimo.

Ukitumia gari jingine kama nanga, lipige hendibreki, liwekewe vigingi, na ufunge kwenye ndoano ya chesisi. Usifunge kamwe kwenye ile mpira ya chuma ya kuvutia treila. Ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu.

### Kufunga puli

Achia klachi ya ngoma ili izunguke bure, toa kamba, uende nayo hadi mtini, ipitie kwenye puli, irudi na ndoano ifungwe kwenye ndoano ya chesisi ya lori lako. Nguvu inakaribia mara mbili, na mwendo unakuwa nusu. Winchi ya tani 7.7 inakupa kama tani 14 baada ya kutoa msuguano. Pia unatumia kamba ndefu zaidi, kwa hiyo ngoma inabaki na tabaka za chini zenye nguvu.

Kumbuka kwamba kile kilichoko mtini, yaani mkanda, pingu na puli, kinabeba mara mbili ya mvuto wa kamba. Kwa winchi hii kila kimoja kati ya hivyo kiwe cha tani 15.4 au zaidi. Pingu ya tani 17 itatosha pale mtini. Kwenye chesisi ya lori, pingu ya tani 8.5 inatosha.

Kaza pini ya pingu hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko. Iliyokazwa kabisa hujifunga baada ya mzigo, na utahitaji nyundo kuifungua.

Rudisha klachi ya ngoma na uhakikishe imeingia. Klachi iliyoingia nusu huchomoka katikati ya mvuto.

### Kuondoa watu

Weka blanketi au turubai zito katikati ya kamba. Kwenye puli weka mbili, moja kila upande. Kamba ikikatika, uzito huo unaivuta chini.

Watu wote wakae mbali, umbali wa mara moja na nusu ya kamba iliyotolewa, na wasisimame ndani ya ile pembe ambayo kamba inaitengeneza kwenye puli. Kijijini gari likikwama watoto hujaa. Mtafute mtu mzima mmoja wa hapo, mpe kazi ya kuwazuia na hiyo tu. Hakuna anayeruka kamba. Hakuna anayeikalia ili "kuikaza".

Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara, kwa kawaida utingo, na dereva anamfuata yeye peke yake. Isipokuwa ishara ya kusimama, hiyo yeyote anaweza kuitoa.

### Kuvuta

Injini iwe inanguruma kwa mwendo wa juu kidogo, kama mizunguko 1,500 kwa dakika, ili altaneta isaidie. Isaidie tu, haitaweza kubeba kazi yote. Ampea 250 kwa dakika tatu ni zaidi ya ampea-saa 12 zilizotoka kwenye betri, na altaneta ya lori dogo inarudisha sehemu ndogo ya hizo.

Vaa glavu. Kamba iliyotumika ina nyuzi za chuma zilizochomoza, zinaingia kwenye kiganja na kuvunjikia humo.

Vuta polepole hadi kamba ikaze, simama. Kagua kila kiungo kwa macho: mkanda, pingu, puli, ndoano. Kisha vuta kwa vipande vifupi. Ukivuta kwa nguvu dakika moja, pumzisha dakika mbili au tatu. Mota hizi hazikutengenezwa kukimbia mfululizo. Ukishindwa kuweka kiganja juu ya mota kwa sababu ya joto, ngoja.

Dereva anaweza kusaidia kwa gia ya kwanza, matairi yazunguke taratibu sawa na kamba. Asikanyage mafuta. Gari likiruka mbele, kamba inalegea, inajikunja, kisha inastuka ikikazwa tena. Mstuko huo ndio unaokata.

Kamba ikianza kujazana upande mmoja wa ngoma, simama. Legeza, ipange upya kwa mkono, endelea. Mkono usiwe karibu na mlango wa kamba wakati ngoma inazunguka: mwisho wa kuingiza, acha angalau mita moja, ondoka, ndipo umalize kwa vipande vidogo.

Ngoma ikisimama na mota inalia, acha. Rudi kwenye jembe, shusha gunia jingine, au badilisha pembe. Umefaulu pale lori linapotoka kwa mwendo wa polepole usio na mstuko na volti kwenye mita hazishuki chini ya 20.

Gari likishasimama kwenye ardhi ngumu, piga hendibreki na weka vigingi kabla mtu hajafungua kitu. Breki ya winchi haikuwekwa kushikilia lori mlimani, na winchi hii isitumike kamwe kunyanyua watu wala kushusha mtu kisimani.

## Hatua ya 6: Baada ya kazi

Usizime injini mara moja, acha betri zijaze. Zima swichi kuu.

Siku hiyohiyo au kesho yake, toa kamba yote, ioshe tope, ikaushe, kisha uikaze tena kwenye ngoma kwa mzigo mdogo. Udongo mweusi ukikaukia ndani unakuwa kama saruji na unashika unyevu wa kutu. Kamba ya chuma ipake mafuta mepesi, ya sintetiki ioshwe kwa maji tu.

Kata na utupe kamba ya chuma iliyopondeka, iliyojikunja na kubaki na alama ya mkunjo, au yenye nyuzi nyingi zilizokatika sehemu moja. Ya sintetiki iliyochakaa hadi kupungua unene, au iliyokakamaa kwa kuyeyuka, haifai tena.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, winchi inaweza kukaa miezi bila kazi. Mara moja kwa mwezi izungushe dakika chache, toa na uingize, ili unyevu usishike ndani ya mota na boksi lisigande. Kaza tena nati za betri, za boksi na bolti za bamba, kwa sababu barabara za kwenda Kwa Mtoro na Farkwa hulegeza kila kitu. Fanya ukaguzi kamili wa mita mwezi Novemba, kabla mvua za kwanza hazijashuka na foleni gereji haijawa ndefu.